Heko, Wapishi wa Mkate wa Kumimina

Pongezi ziwaendee akina mama wa Unguja na Pemba wanaopika mkate wa kumimina majumbani. Mchele hulowekwa usiku kucha, husagwa na tui la nazi mpaka ulainike, kisha hutiwa sukari, iliki na hamira. Mchele hauna ule mnato wa ngano unaoshika hewa, hivyo kazi yote iko kwenye jicho la mpishi: akiwahi kupika, mkate unakuwa mzito, akichelewa, unachacha na kubonyea. Halafu mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko, moto wa kiasi. Blenda imerahisisha kusaga, lakini kujua rojo limeumuka vya kutosha bado ni elimu yao. Mikono yenu isichoke, hasa Ramadhani!