Ukuta Usio na Picha

Usiku wa manane wa tarehe 18 Machi 1990, wezi wawili waliovaa kama askari polisi waliingia katika jumba la makumbusho la Isabella Stewart Gardner, mjini Boston, Marekani, wakaondoka na vitu 13. Miongoni mwavyo ulikuwamo mchoro wa Vermeer unaoonyesha watu watatu wakiwa katika muziki. Hadi leo hakuna hata kimoja kilichorudi.

Mwaka 1991 msanii wa Kifaransa, Sophie Calle, aliwaomba walinzi, wahifadhi na watumishi wengine wa jumba hilo waeleze walivyovikumbuka vitu vilivyoibwa. Maneno yao akayatundika pamoja na picha za nafasi zile tupu. Kazi hiyo aliiita Last Seen.

Wapo wasemao kwamba huo si usanii, ni kuokota maneno ya watu. Nami nilikuwa mmoja wao. Kilichonigeuza ni jambo la nyumbani. Picha pekee ya marehemu mama ilipotea tulipohama. Siku moja tulikaa ndugu watatu tukaanza kuieleza. Dada akasema mama alishika ua. Mimi nikaapa kwamba alimpakata mdogo wetu. Kaka alikumbuka viatu tu, maana yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kuvipeleka kwa fundi. Nusura tugombane. Baadaye nikang'amua kwamba hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alikuwa amehifadhi kipande chake.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya Calle. Mchoro ulipokuwapo, watu walidhani wanatazama kitu kimoja. Ulipoondoka, ikadhihirika kwamba kila mmoja alikuwa na wake.

Hata hivyo nina lawama moja. Calle aliyaunganisha majibu bila majina. Msomaji hawezi kujua lipi limetoka kwa mlinzi aliyezoea kusimama pale, na lipi kwa mtaalamu. Kwangu mimi, hilo ni pengo la pili baada ya lile la wezi. Maneno ya kaka kuhusu viatu, yakisomwa bila jina lake, ni upuuzi mtupu. Ukimjua msemaji, ni mapenzi ya mtoto kwa mama yake.

Picha ya mama haijaonekana. Nimenunua daftari, nikaandika humo aliyoyasema kila ndugu, bila kusahihisha. Pembeni nimeweka jina lake.