Sifuri Inayopotea: Uhakiki wa Thamani Andishi katika Lugha ya Mitajo ya CEL

Thamani andishi ni thamani inayoandikwa moja kwa moja ndani ya mtajo bila kupitia jina la kigeu. Uhakiki huu unachunguza jinsi umbo la maandishi linavyoamua aina ya thamani katika CEL, lugha ya mitajo iliyoasisiwa na kampuni ya Google na inayotumika pia kukagua data katika Kubernetes.

Sintaksia ya CEL inastahili sifa. Ndani yake, 5 ni namba kamili, 5u ni namba kamili isiyoweza kuwa hasi, 5.0 ni desimali, na '5' ni mfuatano wa herufi. Aidha, lugha hii haichanganyi aina kimyakimya. Mtajo 1 + 1.0 hukataliwa mpaka mwandishi mwenyewe abadilishe upande mmoja, ilhali katika JavaScript '5' + 1 huzaa '51'.

Hata hivyo, ukali huo unaishia kwenye hesabu. Namba za simu za Tanzania na Kenya, zikiandikwa kwa mtindo wa ndani ya nchi, huanza na sifuri. Namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Mwandishi wa kanuni akisahau alama za kunukuu na kuandika 0712, CEL huisoma kuwa 712. Ikiwa aina ya data imetangazwa, kosa hunaswa mapema. Isipotangazwa, kulinganisha '0712' na 0712 huleta jibu la uongo bila onyo lolote. Mwenye simu hunyimwa huduma, na kanuni huonekana imefanya kazi yake.

Lugha nyingine zimelikabili suala hili kwa njia tofauti. JavaScript, nje ya hali yake ya ukali, huisoma 0712 katika mfumo wa nane na kupata 458. Python 3, iliyotolewa mwaka 2008, huikataa papo hapo. Anayetaka mfumo wa nane hulazimika kuandika 0o712.

Kwa msingi huo, njia ya Python ndiyo bora. Sifuri ya mwanzo haiongezi chochote kwenye kiasi. Aliyeiandika huenda alikusudia jambo jingine. CEL, inayokataa kukisia katika kujumlisha, ingepaswa kukataa kukisia hapa pia.