Nani Anakujua?
Nimeisoma tena makala ya PageRank, ile ya Larry Page na wenzake wa Stanford, 1998. Hoja yake tamu: kiungo ni kura, na kura ya ukurasa wenye uzito ina nguvu zaidi. Lakini PageRank yenyewe haisomi hata sentensi yako moja. Inauliza tu nani anakujua, swali ambalo kila aliyewahi kutarmaki Nairobi ameulizwa. Mwaka 2003 watu waliunganisha viungo vyao makusudi, ukitafuta maneno ya Kiingereza ya kusema “ameshindwa vibaya”, Google inakuletea wasifu wa George W. Bush. Ilirekebishwa 2007. Siku hizi kuna vigezo vingine, sawa. Ila shairi la Kiswahili lisilotajwa popote, nani atalipigia kura?