Antena ya Mita 10: Sayansi Ilivyopenyezwa katika Skauti

Skauti, mfumo wa malezi ulioasisiwa na Robert Baden-Powell, aliyefariki Nyeri mwaka 1941, ulijengwa juu ya kambi, kamba na moto, na kwa sababu hiyo kila anayetaka kuutia sayansi huwa katika hatari ya kuwarudisha vijana darasani wakiwa wamevaa skafu shingoni. Jamborii ya Angani, iliyobuniwa na Mwingereza Les Mitchell na kufanyika kwa mara ya kwanza Mei 1958, iliepuka hatari hiyo kwa kutumia redio ya ridhaa, yaani mawasiliano yanayoendeshwa bila faida na watu waliopewa leseni, kuwakutanisha maskauti wa nchi mbalimbali hewani.

Ubora wa mpango huo unaonekana katika kazi ya kutundika antena. Masafa yanayotumiwa sana na maskauti ni megahezi 14.290, ambayo urefu wa wimbi lake ni takriban mita 21. Antena ya nusu wimbi, ikipunguzwa kidogo kwa kuwa umeme husafiri polepole zaidi katika waya kuliko hewani, huwa na mita 10, yaani waya mbili za mita 5 zinazokutana katikati. Chipukizi anayepima waya hizo, akazifunga kwenye kamba na kuzivuta hadi matawi ya juu, huwa anafanya hesabu ya fizikia kwa mafundo aliyokwisha kujifunza kambini, wala hahitaji kuambiwa kwamba kipindi cha sayansi kimeanza.

Kitisuru, magharibi mwa Nairobi, ingefaa sana kwa somo hilo. Eneo hilo ni la matuta na mabonde, kwa hiyo redio ndogo ya mkononi, ambayo mawimbi yake ya masafa ya juu sana husafiri kwa mstari ulionyooka, huweza kuzuiwa na tuta la jirani. Mawimbi ya megahezi 14, kinyume chake, hupanda hadi ionosfia, tabaka la anga lenye chembe zilizochajiwa na jua, kisha hupindwa na kurudi ardhini mamia au maelfu ya kilomita mbali. Miti mirefu ipo ya kutosha. Kikwazo ni nyua za umeme zinazozunguka makazi ya matajiri, kwani zikivuja hutoa mlio wa tak-tak redioni, ingawa kuutafuta mlio huo kwa antena ya mkononi ni zoezi zuri kuliko mengi yaliyomo katika vitabu vya beji.

Palipo na udhaifu ni kwenye leseni, ambayo nchini Kenya hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano: bila mwenye leseni anayesimamia, kifaa hakiruhusiwi kurusha mawimbi. Kwa kuwa jamborii hufanyika kila Oktoba, kiongozi wa kikosi na amtafute mtu huyo mapema, kabla ya kununua hata waya.