Maiti Hasemi Peke Yake: Reyka Kama Tulivyoiona Point

Magazeti ya Afrika Kusini yamekwisha kusema mengi kuhusu Reyka, na mengi ni ya sifa. Tamthilia hii ya upelelezi, ambayo msimu wake wa kwanza una vipindi 8, ilianza kuonyeshwa na M-Net Jumapili ya tarehe 25 Julai 2021. Mwaka 2022 iliteuliwa mara mbili kuwania tuzo za kimataifa za Emmy, kama tamthilia bora na kwa ajili ya mwigizaji wake mkuu, Kim Engelbrecht. Tuzo ya tamthilia bora ilichukuliwa na Vigil ya Uingereza, lakini kufika huko tu kulitosha kuwafanya watu wa hapa watembee kifua mbele. Sisi tunaoishi Point, Durban, tuliichelewa. M-Net haikuwa televisheni ya kila nyumba; ilikuja na kifurushi cha bei ya juu kabisa cha DStv, na mtu anayelinda magari ya watu barabarani hanunui kifurushi hicho. Wengi wetu tuliiona baadaye, kwa mtu mwenye Showmax au kwa flashi iliyopita mikono mingi. Kwa hiyo neno letu linakuja nyuma ya maneno ya wengine. Tunaomba lisikilizwe hata hivyo, kwa sababu tuna swali ambalo katika sifa zote hizo hatukulikuta.

Kwa wasomaji wetu mlioko Muscat, Leicester au Toronto ambao hamkuiona, kisa kwa ufupi ni hiki. Reyka Gama alipokuwa mtoto alitekwa na mkulima mmoja, Angus Speelman, akafungiwa shambani kwake kwa miaka kabla ya kuponyoka. Ukubwani anakuwa mtaalamu wa polisi wa kusoma fikra za wauaji. Katika mashamba ya miwa ya KwaZulu-Natal zinaanza kupatikana maiti za wanawake, mmoja baada ya mwingine, na yeye anapewa kazi ya kumtafuta muuaji. Ili amwelewe muuaji wa leo, inambidi arudi kwa mtu aliyemtesa zamani na kukaa naye uso kwa uso. Speelman anaigizwa na Iain Glen, ambaye wengi mnamjua kwa Game of Thrones. Tamthilia ilibuniwa na Rohan Dickson, ikaongozwa na Zee Ntuli na Catharine Cooke.

Sifa walizotoa wahakiki tunazikubali. Engelbrecht anaigiza kwa macho kuliko kwa kinywa; akiwa kimya, mtazamaji huona hofu ya utotoni inapita usoni mwake kama kivuli cha wingu juu ya maji. Glen naye hakumfanya Speelman kuwa zimwi la hadithi. Amemfanya mtu mzima mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na hapo ndipo panapotisha. Miwa yenyewe imepigwa picha vizuri mno. Anayepita barabara ya kaskazini ya Durban huiona ile kijani isiyo na mwisho akadhani ni neema tupu. Tamthilia inamwonyesha kwamba ndani yake mtu anaweza kupiga kelele asisikike.

Waliokosoa walikuwa na hoja moja kubwa, kwamba mpelelezi wa kike anayemwendea mhalifu hatari ili amsaidie kumkamata mwingine ni mchezo uliokwisha kuchezwa katika The Silence of the Lambs ya mwaka 1991. Ni kweli, lakini si kosa la kumnyima mtu usingizi. Hadithi za upelelezi huazimana vyombo kama majirani, na anayepika vizuri hasemwi kwa sufuria ya kuazima. Hata Catch Me a Killer, iliyotoka mwaka 2024 kuhusu Micki Pistorius, mtaalamu wa kwanza wa polisi wa Afrika Kusini katika kazi hii, nayo ilimpa nafasi kuu mwigizaji aliyepita Game of Thrones, Charlotte Hope. Hizo ni hesabu za soko. Swali letu liko kwingine: tamthilia hizi zinatuambia nini kuhusu maiti, na je, ni kweli?

Tuanze na kesi ambayo watu wazima wa Durban huikumbuka wanaposikia habari za miwa na maiti. Hatusemi kwamba Reyka imeitoa humo; tunasema kwamba huwezi kuitazama hapa bila kuikumbuka. Katika miaka ya 1996 na 1997 wanawake waliuawa katika mashamba ya miwa ya Phoenix, kaskazini ya jiji. Wengi walikuwa maskini waliodanganywa kwa ahadi ya kazi. Sipho Thwala alikamatwa mwaka 1997, na mwaka 1999 mahakama ikamtia hatiani kwa mauaji ya watu 16 na kumhukumu kifungo cha miaka 506. Alipatikanaje? Mwaka 1994 alikuwa ameshitakiwa kwa ubakaji akaachiwa, lakini sampuli yake ilibaki katika kumbukumbu za polisi. Vinasaba vilivyopatikana kwenye maiti za Phoenix vilipolinganishwa na sampuli ile, vikalingana.

Neno tunalotaka mlishike hapo ni vilipolinganishwa. Maabara haikumwona Thwala katika tone la damu. Ilikuwa na vitu viwili mkononi, ikasema vinafanana. Kingekosekana kimoja, kingine kingekaa kimya hata leo. Tamthilia za aina hii, kuanzia CSI ya Marekani iliyoanza mwaka 2000, zimetuzoesha kuamini kwamba maiti husema. Daktari anainama, anachukua unywele, na kabla ya tangazo la biashara jina limepatikana. Ukweli ni kwamba maiti hujibu tu anapokuwapo aliye hai wa kuulizwa pamoja naye.

Kiswahili kililijua jambo hili mapema. Waliotutafutia neno la vinasaba walilitoa katika nasaba, yaani ukoo, nani kazaliwa na nani. Na aliyesoma riwaya za Mohammed Said Abdulla atakumbuka kwamba Bwana Msa hakuwa na maabara. Alikuwa na kiko, subira, na sikio la kusikiliza watu wa Unguja wakisimulia habari za koo zao. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, mara nyingi fumbo lake hufunguliwa na siri ya uzazi iliyofichwa: fulani si mtoto wa fulani, au ni ndugu wa asiyemjua. Bwana Msa alifanya kazi ya vinasaba kwa mdomo. Aliweza kwa sababu kisiwa kizima kilimjua marehemu. Katika riwaya zile swali ni nani aliyemwua. Nani aliyekufa, hilo halikuwa swali.

Hapa Point ndilo swali la kwanza. Point ni ulimi wa ardhi kati ya bahari na ghuba, penye mlango wa bandari. Barabara yake kuu ilijulikana kwa baa na danguro hadi mwaka 2008 ilipopewa jina la Mahatma Gandhi, ambaye mwenyewe alishukia bandari hii, na Januari 1897 akashambuliwa na kundi la watu aliposhuka. Upande mmoja yako majumba mapya na uShaka, iliyofunguliwa mwaka 2004 kwa ajili ya watalii. Upande mwingine yako maghorofa ya zamani ambamo chumba kimoja hugawanywa kwa mapazia, na humo Kiswahili husikika kila ngazi: cha Tanga, cha Kariakoo, cha Bukavu, cha Lubumbashi, cha Bujumbura. Wengine walikuja na karatasi za ukimbizi, wengine walipanda meli bila ruhusa, wengine walivuka Msumbiji kwa mabasi na kwa miguu. Na wapo walioandikwa kwa jina lisilo lao au nchi isiyo yao, kwa sababu wakati ule jina lile ndilo lililofungua mlango.

Mtu kama huyo akifa kwa kisu, kwa gari au kwa maji ya bandari, sheria inataka apasuliwe, kwa kuwa si kifo cha kawaida. Mwili unakwenda mochwari ya serikali, ambayo tangu mwaka 2006 iko chini ya idara ya afya. Sampuli za vinasaba zinakwenda maabara, ambayo ni ya polisi. Reyka huingia kila mlango na kupata jibu. Katika maisha, milango ile ni ya ofisi mbili na jalada linatembea kati yake kwa mwendo wake. Mwanzoni mwa mwaka 2021, mwaka uleule wa Reyka, polisi walikiri bungeni mrundikano wa zaidi ya kesi 170,000 zilizosubiri vinasaba. Maabara ya Amanzimtoti, iliyokuwa ikihudumia jimbo hili, ikafungwa baada ya mafuriko ya Aprili 2022, mafuriko yaliyoua mamia ya watu na kuacha miili mingi ikihitaji kutambuliwa kwa vinasaba hivyohivyo.

Alama za vidole za raia zimo katika kumbukumbu za Mambo ya Ndani, kwa hiyo raia asiye na ndugu karibu anaweza bado kupata jina lake. Za aliyevuka mpaka usiku hazimo. Vinasaba vyake vinaweza kusomwa, lakini visomwe dhidi ya nani? Mama yake yuko Pangani au Uvira, na hajui kama mwanawe amekufa. Kwa utaratibu, mwili usiotambuliwa huwekwa kwa siku 30, kisha manispaa inaweza kuuzika kama wa mtu asiye na mwenyewe.

Vyama vyetu vya kufa na kuzikana vinaijua njia hii yote. Taarifa huanza kwa simu: kuna kijana hajaonekana tangu Alhamisi. Wawili hutumwa mochwari kutazama. Wakimtambua, huulizwa jina, na hapo ndipo panapokuwa na kimya, kwa kuwa jina lililoko kwenye karatasi silo tulilomwitia chakula. Ubalozi unataka jina la nyumbani, mochwari inataka jina la karatasi, imamu au padri anataka jina la kuombea. Michango ya kusafirisha mwili haiwezi kuanza kabla majina hayo hayajapatana.

Wala si jambo la leo tu. Ng'ambo ya mlango wa bandari, upande wa Bluff, iko Kings Rest. Huko waliwekwa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, wakaletwa kutoka Zanzibar kuanzia Agosti 1873. Wengi walikuwa Wamakua wa Msumbiji, lakini Durban iliwaita Wazanzibari, na jina likabaki. Katika miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi ikawaandika miongoni mwa Waasia, kisha ikawahamishia Chatsworth. Karatasi iliwaita ilivyotaka. Waliohifadhi habari ya kwamba wao ni nani ni wazee wao, kwa kusimuliana.

Sasa turudi kwenye tamthilia. Kosa letu na Reyka, ikiwa ni kosa, ni la mgawo wa muda. Katika vipindi 8, saa nyingi zimekwenda kwa Reyka na Speelman, na chache kwa wanawake walioachwa kwenye miwa. Wahakiki nao wakafuata njia hiyohiyo: makala baada ya makala kuhusu mteka na mtekwa. Ilishangaza zaidi kwa wakati ule. Tamthilia ilianza siku chache tu baada ya machafuko ya Julai 2021, yaliyoua zaidi ya watu 350 katika KwaZulu-Natal na Gauteng, 36 kati yao katika Phoenix ileile. Jimbo lilikuwa bado linazika. Ilikuwa nafasi ya kuuliza tunawahesabuje wafu wetu, nani huwataja na nani huachwa.

Wapo kati yetu waliotupinga katika mazungumzo. Wanasema tamthilia ni burudani, na mtu aliyechoka na ulinzi wa usiku hataki kuonyeshwa foleni ya mochwari anayoijua. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hatuombi foleni. Tunaomba mlango mmoja: kipindi kimoja ambamo mpelelezi, kabla ya kumtafuta muuaji, anatafuta namba ya simu ya mama wa marehemu, na kuipata ni kazi ngumu kuliko kumpata muuaji. Hapo pana mashaka ya kutosha kumweka mtu kitini, na pana ukweli ambao Speelman na sauti yake ya kubembeleza hawezi kutupa. Mwandishi wa Kiswahili atakayeandika kisa hicho atakuwa amemrithi Bwana Msa kwa haki.

Itazameni Reyka, kwani ni kazi nzuri na mwigizaji wake anastahili kila sifa aliyopewa. Mkimaliza, tunawaomba jambo moja ambalo haligharimu kitu. Kila mmoja amwambie mwenzake anayemwamini jina lake la nyumbani, la baba yake, la mtaa wao, na namba ya simu ya ndugu mmoja anayepatikana. Tamthilia imetufundisha kuingoja maabara itutaje, na maabara haiwezi kututaja bila sisi.