Simu, Waya na Redio ya Kijapani: Njia Ipi Huufikisha Muziki Salama?

Gari lililotumika Japani likishushwa Dar es Salaam au Mombasa, injini yake huzoea barabara zetu mara moja. Inayopata taabu ni redio. Ukitafuta stesheni, namba zinaanzia 76 na kukomea 90, ilhali FM yetu imepangwa kati ya megahezi 87.5 na 108. Wenye magari wengi huona bora wapige muziki wao wenyewe kutoka kwenye simu au kicheza muziki kidogo. Swali ni muziki huo uingie kwa mlango gani, maana redio nyingi za aina hii hazina tundu la AUX kwa mbele.

Tuanze na chanzo cha tatizo. Enzi za televisheni ya analojia, Japani ilitumia masafa ya 90 hadi 108 kwa kanali 1, 2 na 3 za televisheni, FM ikabanwa chini yake. Analojia ilizimwa Julai 2011 katika sehemu kubwa ya nchi, na tangu Desemba 2014 stesheni za AM zimeruhusiwa kusikika pia kwenye FM kati ya 90 na 95. Ndiyo sababu redio za miaka ya karibuni hufika 95, na za zamani hukwama 90.

Njia inayokimbiliwa na wengi ni transmita ya FM, kile kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti. Hupokea muziki kwa waya au kwa Bluetooth, kisha huurusha kama stesheni ndogo ndani ya gari. Ni rahisi, haina kufungua dashibodi. Lakini piga hesabu. Transmita nyingi hurusha kuanzia 87.5 kwenda juu, na redio inaishia 90. Zinakutana kwenye megahezi 2.5 tu. Kwa Dar es Salaam, humo humo wamo Clouds FM kwenye 88.5 na Wasafi FM kwenye 88.9. Redio ya FM ikikuta mawimbi mawili kwenye masafa mamoja hushika lenye nguvu na kulifunika jingine. Mnara wa stesheni hurusha kwa maelfu ya wati. Kwa Ulaya, transmita ya namna hii haitakiwi kuzidi nanowati 50. Kwa hiyo unaweza kutoka nyumbani wimbo ukiwa safi, ukakaribia mnara na kukuta mtangazaji anasoma matangazo katikati ya ubeti.

Mafundi huongeza ekspanda, kisanduku kidogo kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kuyashusha masafa kwa kiasi kilichowekwa kiwandani. Ekspanda ya 18 huifanya stesheni ya 98 isomeke 80 kwenye kioo. Ukitumia transmita, nayo iweke juu, tuseme 96, kisha uitafute kwenye 78. Hata hivyo redio bado ina upana wa megahezi 14 tu, na FM yetu ina 20.5. Hakuna ekspanda ya namna hii itakayokuletea stesheni zote kwa mpigo: ile ya 18 hukupa 94 hadi 108, ile ya 12 hukupa 88 hadi 102. Muulize muuzaji namba hiyo kabla hujatoa hela.

Hata ikifanya kazi vizuri, FM ina kikomo cha sauti. Utangazaji wa stirio huishia hezi 15,000, kwa sababu kwenye 19,000 kuna ishara ya kuiambia redio kwamba matangazo ni ya stirio. Na kama simu inaipelekea transmita muziki kwa Bluetooth, muziki unaminywa kwanza huko, kisha unapunguzwa tena hewani. Sauti nyembamba za matoazi na kayamba ndizo hupotea kwanza.

Ndiyo maana fundi mzuri hutazama kwanza nyuma ya redio. Redio nyingi za Kijapani zenye ramani zina mlango wa VTR, uliowekwa kwa ajili ya video. Mlango huo hupokea pia sauti ya kushoto na ya kulia. Ukipata kebo yake, upande wa pili unakuwa pini ya milimita 3.5: ncha ni kushoto, pete ya kati ni kulia, shina ni ethi. Hapo muziki unapita kwenye shaba moja kwa moja.

Redio isiyo na VTR huenda ikawa na plagi ya chenja ya CD. Hapa kuna mtego. Ukiunganisha waya za sauti peke yake hutasikia kitu, kwa kuwa redio haifungui njia hiyo mpaka chenja ijitambulishe kwa lugha ya data. Inatakiwa adapta inayojifanya chenja. Si ujanja wa vichochoroni: BMW na Apple walipoanza kuunganisha iPod na gari mwaka 2004, orodha za nyimbo zilionekana kwa redio kama CD zilizopangwa kwenye chenja. Kwa gari lenye deki ya kaseti mambo ni mepesi zaidi: kaseti yenye waya hubandika hedi yake kwenye hedi ya deki, sumaku zinapeana muziki.

Waya nao una ugonjwa wake. Chomeka simu kwenye chaji ya kiberiti huku AUX imeunganishwa, washa injini, na huenda ukasikia mlio mwembamba unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Wengi hulaumu spika. Kumbe simu imepata njia mbili za kwenda ethi, moja kupitia chaji na nyingine kupitia shina la AUX, na bodi ya gari haina volti sawasawa kila mahali. Tofauti hiyo ndogo, pamoja na mtikisiko wa umeme wa altaneta, hupita kwenye waya wa muziki na redio huikuza kama wimbo. Kipimo ni chepesi: chomoa chaji. Mlio ukikatika, nunua aisoleta ya ethi. Ndani yake mna transfoma mbili ndogo zinazopitisha muziki kwa sumaku bila waya kugusana.

Onyo moja kabla ya fundi kushika spana: baadhi ya redio za Toyota zenye ramani, ukichomoa terminali ya betri, hugoma kuwaka mpaka uweke kadi ya SD ya ramani iliyokuja nazo. Kama kadi haipo, mwambie fundi afanye kazi bila kukata umeme wa redio.

Kwa mpangilio, basi: VTR au AUX kwanza, adapta ya chenja pili, kaseti tatu. Transmita ni ya mwisho, inafaa kwa gari la kuazima au safari moja. Gari ni lako, lipia waya.