Ndege Iliyojaa na Kampuni Yenye Hasara

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alieleza kwamba katika mwaka wa fedha 2022/23 Kampuni ya Ndege Tanzania ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.6. Wapo makada wanaojibu: "Mbona ndege zinajaa?" Jibu hilo ni la kuhesabu vichwa.

Tuchukue mfano wa ndege ya viti 76 itokayo Dar es Salaam kwenda Kigoma kupitia Tabora. Wamepanda abiria 70, wakashuka 30 Tabora, asipande mtu. Mhesabu vichwa atasema imejaa kwa asilimia 92. Lakini Dar es Salaam hadi Tabora ni kama kilomita 730 angani, na Tabora hadi Kigoma 350. Viti vyote vikizidishwa kwa kilomita zote tunapata 82,080. Abiria waliolipa nauli, kila mmoja kwa kilomita alizosafiri, ni 65,100. Gawanya: asilimia 79. Mkulima wa Muyama analijua jambo hili kwa basi linalojaa Kasulu na kumwaga abiria njiani. Mafuta ni yale yale.

Je, asilimia 79 ni faida? Haijulikani bado. Tuseme kurusha kiti kimoja kilomita moja kunagharimu shilingi 240, na nauli inaleta shilingi 300 kwa kilomita. Hapo lazima ijae asilimia 80 ndipo gharama irudi. Ukishusha nauli hadi 240 ili upate watu, hata ijae yote huna faida.

Kasoro kubwa zaidi haisemwi. Kipimo hiki huhesabu viti vilivyoruka tu. Mwaka 2022 ndege za Airbus A220 za Kampuni, zenye viti 132 kila moja, zilisimamishwa kwa matatizo ya injini. Ndege iliyolala kiwanjani haimo katika hesabu, lakini bima na mishahara haikulala. Uwiano waweza hata kupanda, kwa kuwa abiria wale wale wanabanana katika ndege chache!

Bepari atasema safari ya Kigoma ifutwe. Hatukubali. Lakini kama ni huduma kwa umma, gharama yake itajwe waziwazi na Serikali iilipe kwa jina hilo, isifichwe ndani ya hasara. Mwenye mali ni mkulima wa maharage ambaye hajapanda ndege hata siku moja. Taarifa anazosomewa tawini zitaje viti vilivyolala kando ya viti vilivyojazwa.